Koti Lenye Nyuzi Tatu Nyekundu

"Livae mwenyewe," fundi viatu alisema, akalitundika koti kwenye kamba ya nguo, katikati ya mashuka ya watu. "Likikubana, livue umpe mwingine. Mimi basi."

"Mtu unampa kitu kwa moyo mweupe, anakirudisha kama sufuria ya kuazima." Mama dobi alikuwa amesimama mlangoni pa chumba chake cha kazi, pasi ya mkaa ikifuka mkononi. "Hebu lishushe hapo, Gundi. Utanichafulia mashuka ya wateja."

"Leo linachafua? Ulivyonipa ulisema ni koti la kuvalia ikulu."

"Na punguza sauti. Dirisha la barabarani liko wazi."

"Jana Karani wa kanisa alipopaza yake mbele ya wateja wangu, nani alimwambia apunguze?"

Shangazi muuza nyanya alivuta kigoda chake akasogea karibu na bomba. Siku ya Jumamosi Shangazi hatoki kwenda sokoni mpaka ahakikishe hakuna ugomvi atakaoukosa, na huu aliuona mapema, tangu fundi alipovuka ua na mguu wake mbovu, koti amelishika kwa vidole viwili kama panya aliyekufa.

Ua wenyewe ulikuwa na vyumba saba, bomba moja, na kamba moja ndefu ya nguo ambayo mama dobi aliitawala kama shamba la urithi. Vyumba viwili vilikuwa vyake. Cha mbele alifanyia kazi. Cha nyuma alilala na kuweka magauni yake ya kanisani. Watu wa ua walimwita Mama Ushuhuda, ila si mbele yake. Hakuna Jumapili iliyopita asisimame kanisani kushuhudia. Akimpa mtu sabuni, anasimama. Akimsalimia mgonjwa, anasimama. Kuna mwaka alimnyooshea mkono ajuza aliyejikwaa kwenye ngazi za kanisa, akasimama kueleza kabla ajuza hajamaliza kujipangusa vumbi.

Wiki mbili nyuma alikuwa amempa Gundi koti. Jumapili yake akasimama.

"Nilimkuta mwanadamu akitetemeka," aliliambia kanisa, mkono kifuani, "nikaenda kwenye sanduku nikatoa koti la marehemu mume wangu."

Siku aliyompa ilikuwa saa saba mchana na lami ilikuwa inanata kwenye soli. Aliyekuwa akitetemeka, kama yupo, basi ana malaria. Na kuhusu marehemu, Shangazi aliyeketi benchi la nne alimgeukia jirani yake. "Marehemu alikuwa mwembamba kama mti wa ufagio. Lile koti angeingia yeye, mkewe na mchungaji."

Ukweli wa lile koti ulikuwa huu. Mama dobi hakuwa na daftari la wateja; alikuwa na nyuzi. Kila mteja ana rangi yake na idadi yake, vishono vidogo kama mayai ya sisimizi vilivyofichwa ndani ya kola. Bluu mbili ni za mwalimu mkuu. Njano moja ni ya mke wa mwenye duka la dawa. Nyekundu tatu ni za Karani wa kanisa, na Karani alikuwa ameleta koti miezi minane iliyopita, akanenepa, asirudi kulichukua. Kwa hesabu za mama dobi, nguo iliyolala miezi minane bila kuulizwa imeshakuwa ya Bwana, na vitu vya Bwana, kwa bahati nzuri, vinapitia mkononi mwake. Hivyo ndivyo alivyokuwa mkarimu: kwa vitu vya watu. Lakini safari hii, kwa haraka ya kwenda kushuhudia, alisahau kufumua nyuzi.

Ijumaa asubuhi Karani alipeleka kandambili kushonwa. Akaona koti kwenye msumari juu ya benchi la fundi. Akaligeuza kola.

"Kumbe wewe ndiye unayepita kwenye kamba ya dobi," alisema, kwa sauti ile anayosomea matangazo.

"Nimepewa," Gundi alisema.

"Na nani?"

Gundi alikuwa na misumari mdomoni. Akaitoa mmoja mmoja, akaipanga kwenye kopo.

"Basi Jumatatu ulilete mwenyewe mbele ya wazee wa kanisa, utubu. Mimi siligusi, nisije nikaambiwa nimelipora. Na kesho kutwa usionekane kwenye benchi lako la nyuma kana kwamba hakuna kilichotokea."

Mpaka jioni watu wanne walikuwa wamekuja kuchukua viatu vyao bila kutengenezwa. Mmoja aliondoka navyo miguuni, soli inapiga chini mpaka mwisho wa barabara.

Sasa hayo yote ua mzima uliyajua, na mama dobi aliyajua kabla ya ua.

"Nenda kwa Karani leo," Gundi alisema. "Neno moja tu. Sema ni mimi nilimpa. Basi."

"Jumatatu, Gundi. Jumatatu asubuhi na mapema, kabla sijawasha hata pasi."

"Kwa nini si leo?"

Mama dobi alitazama mashuka. Shangazi akamjibia. "Si kesho ana uchaguzi. Unafikiri atajichafulia?"

"Shangazi, nyanya zako zitaoza."

"Zioze. Haya hayapatikani sokoni."

"Ungenitaja jana hiyohiyo," mama dobi alimwambia fundi, karibu kwa hasira. "Ulinyamaza nini? Nilikuziba mdomo?"

"Nilitaka useme mwenyewe," Gundi alisema. Akageuka, akavuka ua, na mguu wake ukaacha mstari kwenye vumbi kama mtu anayeburuta fagio.

Uchaguzi ulikuwa wa mwenyekiti wa umoja wa akina mama. Pale kanisani kwao ulikuwa na utaratibu wake: kila anayegombea hupanda mbele na tunda lake. Tunda ni mtu. Ni yule uliyemsaidia mwaka huo, na husimama kando yako ameshika ulichompa, watu wamwone. Halafu mikono inanyooshwa, inahesabiwa. Mwenyekiti anapata kiti chenye mto, ubavuni mwa mchungaji, anatazamana na watu badala ya kutazama visogo vyao. Mama dobi alikuwa amekitamani kile kiti miaka kumi na mmoja. Gauni alikuwa ameshashonesha, la bluu, la mikono mipana. Na tunda lake lilikuwa liwe Gundi ndani ya koti, na mguu wake ule, ambao kwa mambo kama hayo ni baraka.

Akabaki na saa chache za kutafuta tunda jingine.

Alichota unga kwenye bakuli, akalifunika kwa kitambaa cheupe, akaanza na mlango wa karibu. Wenye chumba kile walikuwa mke na mume wachanga wenye kichanga cha wiki sita. Mke alifungua, akaona bakuli, akaona kitambaa cheupe, akaelewa.

"Asante Mama, tunao."

"Mnao? Juzi si uliazima kwa Shangazi?"

"Tumepata." Akafunga mlango taratibu, kwa adabu, na kitasa.

Mjane wa mlinzi alisema amefunga, hali mpaka Jumatatu. Alikuwa anatafuna. Fundi seremala wa chumba cha tano alisema, "Mimi Mama unga unanipa kiungulia, ila ukiwa na shida ya kiti kibovu nitakutengenezea bure, na sitamwambia mtu." Mkewe akacheka huko ndani mpaka akakohoa.

Watu ambao wiki nzima walilia njaa, Jumamosi ile walishiba wote kwa pamoja. Kama kuna muujiza mama dobi alioufanya maishani mwake, ni huo.

Akabakiwa na mzee kipofu wa chumba cha pembeni. Huyo alikuwa ameketi mlangoni, uso juani.

"Babu, nimekuletea unga."

"Unga wa kula au wa kusimama nao?"

"Wa kula, Babu. Ila kesho, kama utajisikia, ningekushika mkono tupande wote pale mbele."

"Umechelewa, mwanangu. Nimeshachukuliwa. Mke wa mwenye duka la dawa alikuja tangu Jumatano." Akampapasa mkono kwa huruma. "Mwakani wahi. Mwaka jana nilikuwa wa mwingine, mwaka juzi hivyohivyo. Mimi mablanketi ninayo, nakosa shuka."

Mama dobi alirudi uani na bakuli lake limejaa kama alivyotoka nalo. Shangazi alikuwa bado pale, anachambua mchele ambao hakuwa na haraka nao.

"Hawataki," Shangazi alisema.

"Wana kiburi. Maskini mwenye kiburi ni mtu wa kuogopwa."

"Hawana kiburi. Wanaogopa kusimuliwa. Ukimpa mtu kikombe cha chumvi wewe, Jumapili anasikia alikuwa anakufa." Akapuliza makapi. "Hivi yule malaika wako wa pipa hajarudi?"

Mama dobi alikaza uso. Malaika wa pipa alikuwa ushuhuda wake mkubwa kuliko wote. Miaka mitatu nyuma alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akalala wiki tatu hawezi kuinua hata kijiko. Bomba la ua linatoa maji alfajiri tu, kisha linakauka kutwa. Na kila asubuhi alipofunguliwa mlango, pipa lake lilikuwa limejaa mpaka mdomoni. Akina mama wa umoja walikuja mara moja, wakaimba nyimbo mbili, wakala. Kwa hiyo hawakuwa wao. Alipopona alisimama kanisani akasema Bwana alimtuma malaika, alisikia mpaka mabawa yakikwaruza ukutani. Watu walilia. Mchungaji alilitumia pipa lile kwenye mahubiri mawili.

"Usifanyie mzaha mambo ya Mungu, Shangazi."

"Simfanyii mzaha. Nauliza tu hayo mabawa. Yalikuwa yanakwaruza ukutani, au chini?"

Mama dobi alikuwa akiutazama ule mstari kwenye vumbi, unaotoka kwenye kamba ya nguo kwenda mlangoni kwa fundi.

"Ndoo ishirini na mbili kila asubuhi," Shangazi alisema. "Na mguu ule. Ua mzima tulijua. Nilimwambia, si ukamwambie mwenyewe? Akasema, 'Mwache, malaika anampendeza zaidi.' Na siku ulipotoa ushuhuda alikuwepo, benchi la nyuma. Nilimwona mabega yanacheka."

Jumapili mama dobi alivaa gauni la bluu. Koti alilikunja akalitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaondoka mapema. Msidhani alikwenda kutubu. Alikuwa na hila yake: aliweke kwenye meza ya Karani ofisini kabla watu hawajafika, Karani alikute, jambo life lenyewe bila mtu kulikaba. Lakini Karani alikuwa ameshafika, ameketi juu ya meza yake anakata kucha. Mfuko ukaingia naye ibadani.

Benchi la nyuma, pembeni karibu na mlango, lilikuwa wazi nafasi ya mtu mmoja.

Mke wa mwenye duka la dawa ndiye aliyeanza. Alipanda na kipofu wake, na blanketi lenye karatasi ya dukani bado inaning'inia. Kanisa lilimpigia yule mzee makofi kwa mwaka wa tatu. Alikuwa ameizoea kazi. Alijua wakati wa kuinamisha kichwa na wakati wa kuinua blanketi. Aliposhushwa ngazi alisema kwa sauti, "Polepole, hapa pana kidato kibovu," kabla anayemwongoza hajakiona.

Kisha mama dobi akaitwa.

Akasimama pale mbele, na kwa mara ya kwanza akalitazama kanisa kutoka upande wa kile kiti. Alilijua lote, kwa madoa. Mzee wa kanisa wa benchi la kwanza ana kola zinazonuka pombe. Mwalimu wa kwaya ana mashati mawili yenye rangi ya midomo ya mwanamke ambaye si mkewe. Wote walikuwa weupe, wamenyooka, wanang'aa, na kila kola ina uzi wake.

"Na tunda lako, Mama, liko wapi?" mchungaji aliuliza.

"Linaumwa, mchungaji."

"Oo, pole," kanisa likasema.

Hapo angeshuka salama. Lakini mchungaji alikuwa mtu wa kujali, hasa mbele za watu. "Basi baada ya ibada tutatembea wote tukamwombee. Karani, andika. Anaitwa nani, Mama, na anaumwa nini?"

Karani akashika kalamu. Watu mia mbili wakamtazama mdomo. Angeweza kutaja jina lolote. Vyumba vilikuwa saba, na uongo haukuwahi kumpa shida. Alifungua mdomo autafute, na kilichomjia ni pipa. Pipa lake mwenyewe, limejaa, maji yanatikisika kidogo kana kwamba aliyemimina ndiyo kwanza ameondoka.

"Fundi viatu," alisema. "Yule wa benchi la nyuma. Haumwi. Kilichompata ni mimi."

Akatoa koti kwenye mfuko.

"Hili ni la Karani. Nyekundu tatu, hizi hapa. Alilisahau kwangu, mimi nikaligawa. Nikawaambia ni la marehemu mume wangu, na marehemu mlimjua umbo lake. Fundi hakuiba. Aliulizwa aliyempa, akanyamaza ili niseme mwenyewe, nami nikataka kusema kesho, baada ya kura." Akamnyooshea Karani koti. "Na yule malaika wa pipa ni yeye. Hakuna mabawa. Ni mguu."

Mnategemea nini, kwamba watu walilia, wakamkumbatia? Mtu akacheka puani. Mwalimu wa kwaya, aliyeona mambo ya nguo yanafika pabaya, alianzisha wimbo bila kusubiri kinanda, akauanza juu mno, sauti ya kwanza ikafia njiani. Mchungaji akasema, "Tushukuru kwa, eeh, kwa ushuhuda huo," kama anayeokota kitu kilicholowana. Yeye aliyehubiri pipa mara mbili hakulitaja tena.

Kura zikapigwa. Mke wa mwenye duka la dawa alipata mikono yote, pamoja na wa mama dobi.

Nje, wanawake watatu walimuuliza nguo zao zitakuwa tayari saa ngapi, bora wazichukue leo. Wa nne alikumbuka pazia la mwaka juzi. Miaka kumi na mmoja alikuwa amewatolea ushuhuda wa kutunga, wakamwita mama wa imani. Siku moja aliposema la kweli, wakashika mikoba.

Karani alikuwa amelivaa koti kujaribu. Halikufunga.

"Nenda ukamwombe radhi fundi," mama dobi alimwambia.

"Nitapita, nikipata nafasi."

"Utapita sasa hivi. Ukikosa nafasi, Jumapili ijayo nasimama tena. Na sisi wafua nguo tunajua mengi."

Karani alitazama huku na huku, kisha akapanda baiskeli yake, koti limefunguka linapepea nyuma.

Mama dobi alikwenda kwa miguu, kwa njia ya nyuma, ile ya kupitia jalalani, ili asikutane na mtu. Hila ya bure. Shangazi alitoka kanisani kabla ya baraka ya mwisho na alikuwa ameshafika. Kwa habari ile, hata angekwenda kwa magoti, bado angefika kwanza. Ua ulikuwa umetulia. Milango yote wazi, na hakuna aliyemwangalia, jambo linaloonyesha kwamba wote walikuwa wanamwangalia.

Alipita kando ya kamba ya nguo. Mlango wa fundi ulikuwa wazi, mkeka umetandikwa, Shangazi anapakua, mjane wa mlinzi aliyefunga mpaka Jumatatu ana tonge la kwanza shavuni. Mama dobi aliinamisha kichwa, akafika mlangoni kwake, akaanza kutafuta tundu la kufuli. Halikuonekana.

"Mama," Gundi aliita.

"Naam."

"Mtu wako alikuja. Kaniomba radhi huku anaangalia kandambili."

"Ukamjibuje?"

"Nimempa kandambili zake. Halafu nikamwambia kiatu chake cha kulia kimelika kisigino upande mmoja, akilete kesho."

Mama dobi alibaki na ufunguo mkononi. Mgongo aliokuwa ameushika wima tangu asubuhi ulikuwa umemchoka. "Gundi, yale maji," alianza. "Miaka mitatu, na mimi nakuletea koti la mtu mwingine..."

"Chakula kinapoa."

"Sikujua."

"Ungejuaje, ulikuwa umelala."

"Mwache kwanza aahidi," Shangazi alisema, mwiko hewani. "Asije akasimama Jumapili akasema sisi ndio tuliokutwa tunatetemeka."

Mjane alipaliwa na kicheko. Mama dobi naye, hakujua kilitoka wapi, alicheka kidogo, akajifuta uso kwa ile mikono mipana ya gauni la bluu. Gundi alijivuta kwenye mkeka, akasogeza mguu wake mbovu ili pawe na nafasi, na kwa mkono akapangusa pale penye nafasi.

"Vua viatu, Mama, upite ndani," alisema. "Maji ya kunawa yako hapo mlangoni. Sahani yako ni hii."